Mauzo ya kwanza ya asubuhi yanagoma, na logi haina kitu

Swali: Nimeandika mfumo wa mauzo kwa Flask (fremu ya Python ya kutengeneza tovuti), unatumika kwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. Kwenye laptop yangu haujawahi kusumbua. Kwenye seva nina nginx inayopokea maombi, gunicorn inayoendesha Flask kwa prosesi 3, na hifadhidata ya MySQL kupitia maktaba za SQLAlchemy na PyMySQL. Kila asubuhi wauzaji wakifungua duka wanapata ujumbe niliouandika mwenyewe: "Samahani, kuna hitilafu, jaribu tena." Wakibonyeza mara mbili au tatu unakubali, na siku inaendelea vizuri, isipokuwa mchana mara mojamoja inatokea 502 Bad Gateway, hasa wakati wa kutuma SMS ya risiti. Kila fanksheni nimeizungushia try na except ili kudaka makosa. Logi (kumbukumbu za seva) nimezipekua, hazina kitu. Je, niwashe debug kwenye seva ili nilione kosa lenyewe?

Jibu: Usiiwashe, ndugu yangu, sababu nitaieleza huko mbele. Tuanze na asubuhi zako, maana dalili umezieleza vizuri na zenyewe zinatosha. Mfumo wako hauharibiki usiku. Unakaa kimya muda mrefu kuliko MySQL inavyovumilia.

MySQL ina mpangilio uitwao `wait_timeout`. Usipoguswa ni sekunde 28800, yaani saa 8. Muunganisho uliokaa saa 8 bila kuuliza chochote, MySQL huukata upande wake bila kuaga. Tuseme maduka yanafungwa saa 3 usiku na kufunguliwa saa 1 asubuhi: hapo saa 10 zimepita. SQLAlchemy nayo hutunza miunganisho kwenye hodhi (pool) ili isifungue mpya kwa kila ombi, na haina habari kwamba iliyomo imekwisha kukatwa. Muuzaji anabonyeza "Uza", anakabidhiwa muunganisho mfu, na ndani kabisa, mahali usipopaona, linazuka kosa hili:

```
sqlalchemy.exc.OperationalError: (pymysql.err.OperationalError)
(2006, "MySQL server has gone away (BrokenPipeError(32, 'Broken pipe'))")
```

Wakati mwingine namba huwa 2013, muunganisho kupotea katikati ya swali. Chanzo ni kilekile.

Kwa nini mara mbili au tatu? Hapo ndipo shaka iliponitoka. Zile prosesi 3 za gunicorn, tuziite vibarua, kila mmoja ana hodhi lake. SQLAlchemy ikigundua muunganisho mmoja umekufa, inatupa yote ya zamani iliyomo kwenye hodhi hilo na kuanza upya. Kwa hiyo kila kibarua anafeli mara moja tu, kisha anapona. Ombi la pili likimwangukia kibarua aliyekwisha kupona, muuzaji anauza. Likimwangukia mwenzake, anaona "Samahani" tena. Vibarua watatu, makosa yasiyozidi matatu, kisha shwari mpaka kesho. Kwenye laptop huwezi kuliona hili kwa sababu unaizima na kuiwasha programu kila baada ya muda mfupi.

Tiba ni mistari miwili:

```python
engine = create_engine(
    ANWANI_YA_HIFADHIDATA,
    pool_pre_ping=True,
    pool_recycle=3600,
)
```

`pool_pre_ping` hubisha hodi kwenye muunganisho kabla ya kumkabidhi mtu. Usipoitika, unafunguliwa mwingine na muuzaji hajui kilichopita. Gharama yake ni safari moja fupi kwenda kwenye hifadhidata, na ikiwa MySQL iko kwenye mashine hiyohiyo hutaihisi. `pool_recycle` hubadilisha muunganisho uliozidi saa moja tangu ufunguliwe. Huo wa kwanza peke yake ungetosha, ila huwa naweka yote miwili.

Ona pia kitu ulichokifanya vizuri, pengine bila kujua: kama jaribio la pili linafanikiwa, basi unafunga sesheni (mazungumzo na hifadhidata) kila ombi linapokwisha, katika `teardown_appcontext` au namna nyingine. Ungeiacha wazi, sesheni ingebaki na muamala uliovunjika na kosa lingemfuata muuzaji mpaka uiwashe upya gunicorn. Sehemu hiyo usiiguse.

Hayo ndiyo ya asubuhi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa lenye jina, namba na mstari lilipotokea limekuwa likijitangaza kila siku, na wewe hukulisikia. Linamezwa hapa:

```python
@app.route("/uza", methods=["POST"])
def uza():
    try:
        ...
    except:
        return "Samahani, kuna hitilafu, jaribu tena"
```

Flask huandika kwenye logi kosa lililoifikia. Hili halikuifikia, ulilidaka mlangoni ukalizika. Na jibu ulilorudisha halina namba ya hali, kwa hiyo linatoka na 200, maana yake "kila kitu salama". Nginx inaandika 200. Ukiweka programu ya kuchungulia afya ya mfumo, nayo itaona 200. Siku kampuni ya malipo itakapokuwa inaleta taarifa za malipo kwenye anwani yako, itapata 200 pamoja na maneno yako ya Kiswahili isiyoyasoma, itaamini umepokea, na haitatuma tena. Pesa imeingia, kwako haijaandikwa.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliandika mfumo wa madeni ya wateja kwa duka moja la jumla, na sehemu ya kuhifadhi deni niliizungushia `except: pass` ili skrini isimtishe muuzaji. Mwenye duka alikuwa bado anaandika kwenye daftari, kwa mazoea. Jioni moja tulikaa naye tukalinganisha mstari kwa mstari: kwenye daftari yumo fundi mmoja aliyechukua mabati, kwenye mfumo hayumo. Tukageuza kurasa, wengine pia hawamo. Jina lenye herufi nyingi kuliko safu ya hifadhidata lilikuwa linakataliwa na MySQL, na mimi nilikuwa nimeiagiza programu isimwambie mtu. Bila lile daftari yule mzee asingejua kamwe.

Kwa hiyo fumua hizo try zote, kisha rudisha chache zenye sababu. Kipimo ninachotumia ni hiki: daka kosa unalolijua kwa jina na unalojua la kulifanyia. Mengine yaache yapande.

Mfano wa lile unalolijua. Muuzaji kwenye kisanduku cha bei anaandika 5,000 au 5,000/= kama tunavyoandika wote kwenye risiti. `int("5,000")` inazua `ValueError`. Hilo si kosa la seva, na halistahili 500. Ondoa mkato na ile alama kabla ya kubadilisha kuwa namba, ikishindikana hata hivyo, mrudishie fomu ileile ikiwa na alivyokwisha kuvijaza, namba ya hali 400, na maneno kando ya kisanduku: "Bei iandikwe kwa tarakimu, mfano 5000."

Mfano wa pili ni muhimu kuliko huo, kwa sababu ujumbe wako unamwambia muuzaji ajaribu tena. Ajaribu tena nini, kama mauzo ya kwanza yalikwisha kuingia ila jibu ndilo lililopotea? Utapata mauzo mawili ya mfuko mmoja wa saruji. Fomu inapofunguliwa, ipe tokeni ya kipekee kwenye kisanduku kilichofichwa, na kwenye jedwali la mauzo safu ya tokeni iwekee sharti la kutojirudia. Kisha:

```python
try:
    with Session.begin() as s:
        bidhaa = s.get(Bidhaa, bidhaa_id, with_for_update=True)
        bidhaa.idadi -= kiasi
        s.add(Mauzo(bidhaa_id=bidhaa.id, kiasi=kiasi, tokeni=tokeni))
except IntegrityError:
    app.logger.warning("tokeni imejirudia: %s", tokeni)
return redirect(url_for("risiti", tokeni=tokeni))
```

`Session.begin()` inakamilisha yote au inarudisha yote. Haiwezekani stoo ipungue na mauzo yasiandikwe. Akibonyeza mara tano, mauzo ni moja na risiti ni ileile. Ukurasa wa risiti unatafuta kwa tokeni, na isipopatikana unatoa 404 (haipo), hivyo sharti jingine la hifadhidata likivunjwa halitajificha nyuma ya risiti isiyokuwepo.

Yaliyobaki yote, yale usiyoyatarajia, yapokelewe mahali pamoja:

```python
@app.before_request
def weka_namba():
    g.namba = uuid.uuid4().hex[:8]

@app.errorhandler(500)
def hitilafu(e):
    namba = g.get("namba", "-")
    app.logger.error("namba ya tatizo: %s", namba)
    return render_template("500.html", namba=namba), 500
```

Kosa lisilodakwa likifika kwa Flask, inaandika yenyewe mstari unaoanza na "Exception on /uza [POST]" ukifuatiwa na mlolongo mzima wa kosa, ndipo inaiita fanksheni yako, nayo inaongeza ile namba chini yake. Muuzaji akikupigia simu asubuhi hakuelezei "imegoma". Anakusomea herufi 8, unazitafuta kwenye logi, na mlolongo uko juu yake.

Utaona wengine wanasajili `errorhandler(Exception)` badala ya 500. Mimi siipendi. Inadaka hata `abort(404)` na `abort(403)`, kwa sababu nazo ndani ya Flask ni makosa yanayorushwa, na ukishalidaka kosa kwa njia hiyo Flask haiandiki tena chochote kwenye logi. Unarudi kulekule ulikotoka. Ukitumia 500, kosa la asili lipo kwenye `e.original_exception` endapo utalihitaji.

Huo ukurasa wa 500.html uandike peke yake, HTML tupu, usirithi kiolezo cha kurasa nyingine. Kiolezo cha kawaida huwa kinauliza hifadhidata jina la aliyeingia ili kiliandike pale juu kulia. Hifadhidata ikiwa ndiyo iliyoanguka, ukurasa wa kuomba radhi nao unaanguka, na muuzaji anaona maandishi makavu ya gunicorn. Na maneno yake yawe ya kweli. Usiandike "jaribu tena" kama hujui. Andika: "Mfumo umepata tatizo. Kabla ya kuuza tena, angalia orodha ya mauzo ya leo. Ukipiga simu, taja namba hii."

Ukienda kusoma logi, angalia saa. Seva nyingi za kukodi zimewekwa saa za UTC, na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Kosa la saa 1 na dakika 5 asubuhi, yaani 07:05, limeandikwa 04:05. Nimeona watu wakiipekua logi kwenye 07:00, wasione kitu, wakahitimisha kwamba haiandiki. Kama gunicorn unaiendesha kwa systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) na huduma uliiita `duka`:

```
journalctl -u duka --since "04:00" --until "04:30"
```

Sasa 502. Hii ni ya namna nyingine kabisa, na try yoyote ndani ya Python haiwezi kuisaidia, kwa sababu inaandikwa na nginx pale inapopeleka ombi kwa gunicorn na kurudi mikono mitupu. Uliposema inatokea wakati wa SMS, ulinipa jibu. Maktaba ya `requests`, ambayo Python huitumia kuita seva nyingine, usipoitajia muda itasubiri bila kikomo. Seva ya kampuni ya SMS ikichelewa, kibarua wako anasimama pale na simu sikioni. Gunicorn, usipoibadilisha, inamvumilia kibarua sekunde 30, kisha inamuua na kuandika:

```
[CRITICAL] WORKER TIMEOUT (pid:1234)
```

Nginx kwa kawaida ingesubiri sekunde 60 kabla ya kutoa 504 (muda umekwisha), lakini gunicorn inakata kabla, ndiyo maana unaona 502. Kwenye `/var/log/nginx/error.log` utakuta maneno "upstream prematurely closed connection". Kibarua wa aina ya kawaida anahudumia ombi moja tu kwa wakati, kwa hiyo wauzaji watatu wakituma risiti kwa pamoja wakati kampuni ya SMS imelala, maduka yote mawili yanasimama, hata kwa mtu anayetaka kuangalia bei ya misumari. Tena ile `except:` tupu inadaka hata `SystemExit`, ambayo ndiyo njia gunicorn inayoitumia kumwondoa kibarua aliyezidisha muda.

Leo hii weka `timeout=(3, 10)`: sekunde 3 za kuunganisha, 10 za kusubiri jibu. Wiki hii, itoe SMS kwenye njia ya mauzo kabisa. Mauzo yakishahifadhiwa, andika mstari kwenye jedwali la SMS zinazosubiri, mrudishie muuzaji risiti yake, na programu ndogo ya pembeni ipitie jedwali hilo na kuzituma. SMS ikichelewa dakika mbili mteja hataumia. Akisimama kaunta sekunde 30 akitazama skrini nyeupe, atavuka barabara.

Kwa ile 502 itakayobaki, mathalani unapoiwasha upya gunicorn, ipe nginx ukurasa wake wa HTML tupu kwa `error_page 502 503 504 /50x.html;`. Flask haiwezi kuuandaa, maana wakati huo haipo.

Nirudi kwenye debug. Ukiiwasha, unawasha dibaga (chombo cha kuchunguza makosa) ya Werkzeug, maktaba iliyo chini ya Flask, nayo haionyeshi kosa tu. Inafungua mahali pa kuandika Python na kuiendesha ndani ya seva yako; kinga iliyopo ni PIN. Mwaka 2015 Patreon, tovuti ya kuchangia wasanii, ilivamiwa na data za watumiaji wake zikamwagwa mtandaoni, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba wavamizi walipitia toleo la dibagi la tovuti lililokuwa wazi kwa umma. Pia haitakufaa: `app.run(debug=True)` haifanyi kitu chini ya gunicorn, kwa hiyo ungelazimika kuisimamisha gunicorn na kuendesha `flask run --debug` mbele ya dunia nzima, na ndani ya hali hiyo ule ukurasa wako wa 500 hautumiki. Chochote ambacho dibaga ingekuonyesha kitakuwa kwenye logi ukishaziondoa zile try.

Usingoje kesho asubuhi kuthibitisha. Kwenye nakala ya majaribio, si seva ya wateja, iambie MySQL `SET GLOBAL wait_timeout = 60;` kisha iwashe upya gunicorn, kwa kuwa thamani mpya inawahusu wanaounganisha baada ya hapo. Fungua ukurasa wa bidhaa mara kumi hivi ili vibarua wote watatu wapate muunganisho. Kaa dakika 2. Fungua tena. Fanya hivyo kwanza bila `pool_pre_ping`, uione 2006 kwa macho yako kwenye logi, kisha uiweke na urudie. Ukimaliza rudisha 28800. Likitokea kosa lenye namba nyingine, nitumie mistari 20 ya mwisho ya logi kama maandishi, si picha ya skrini, na unitajie uliiona saa ngapi.